Vipimo vya Kichwani

Machi 4

Bismillahi. Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Upande wa mbele nimeshaanza kuandika kiuno, nyonga, bega, urefu. Upande wa nyuma nitaandika yangu, maana yule niliyezoea kumwambia kila kitu ndiye ambaye siwezi kumwambia hili.

Mume wangu ni fundi cherehani. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo, mwaka wa thelathini na moja huu. Yeye ananiita Bibie. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Yeye hukata, mimi hushona pindo na vifungo. Hajawahi kuandika kipimo cha mtu. Anakuzungushia futi mara moja, anatikisa kichwa, basi, umeshaingia humo. "Karatasi inalowa," husema. "Kichwa hakilowi."

Wiki iliyopita alimshonea gauni jirani yetu Nesi. Halikupita hata mabegani. Nesi akacheka: "Fundi, hili langu au la mwanangu?" Fundi hakucheka. Alilitazama gauni, akamtazama Nesi, kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.

Daftari nimelificha chini ya vitambaa. Mvua zimeanza leo. Nimeanua nguo mara tatu.

Machi 6

Shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nimefumua, nimeshona upya. Hajui.

Machi 9

Ameniuliza mara nne kama tumeshasali adhuhuri. Mara tatu nilimjibu vizuri. Ya nne nilimjibu kwa sauti ambayo Mwenyezi Mungu anisamehe.

Machi 14

Leo nina mengi.

Mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma yetu anastaafu muhula huu ukiisha. Watu humwita Bwana Nukta, kwa sababu hamalizi maneno mpaka aseme "nukta." Mimi siku zote nilimwona mtu wa kujisikia, tumbo mbele yeye nyuma. Kaleta kitambaa cha suti ya kuagia. Fundi kampima mbele yangu, kiuno inchi arobaini na mbili, nimeona kwa macho yangu na nikaandika kwenye daftari. Leo kaja kujaribu suruali. Kaingia nyuma ya pazia, tukasikia anapumua kwa nguvu, kimya, halafu anapumua tena.

"Vipi, Mwalimu?" Fundi kauliza.

"Imefika kwenye mapaja, ikasema hapa ndipo kwetu. Nukta."

Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi inimeze. Akatoka na suruali yake ya zamani, ile mpya kaishika mkononi, anaigeuzageuza. Mara kasema, "Ngojeni kidogo," akafungua mwavuli akatoka kwenye mvua. Akarudi na mfuko wa nailoni unaonuka dawa ya nondo. Ndani mlikuwa na suti yake ya harusi. Fundi ndiye aliyeishona, wakati huo Bwana Nukta ni mwalimu mpya, mwembamba kama chaki yake mwenyewe. Tukazilaza suruali mbili mezani, moja juu ya nyingine. Kiuno thelathini kwa thelathini. Pindo kwa pindo. Hata nafasi ya ziada ya kifundoni aliyoiacha kwa sababu kijana alikuwa na mguu mmoja mrefu kidogo, imo.

Pale nikaelewa. Nesi naye, kabla hajazaa, alikuwa na mabega yale yale ya lile gauni. Fundi hakosei vipimo. Anavikumbuka sawasawa, ila ni vya watu ambao hawapo tena.

Bwana Nukta aliikunja ile suruali taratibu. Akamwambia Fundi, "Kosa ni langu. Nimenenepa bila kukupa taarifa. Nitaleta kitambaa kingine." Wala hakusema nukta. Nimemkosea mtu yule miaka mingi moyoni mwangu.

Machi 23

Hospitali. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Kamuuliza Fundi huu mwaka gani. Fundi kamwambia, "Binti, umesoma kote huko, na mwaka hujui?" Sote tukacheka, hata yeye daktari. Lakini jibu hakulitoa. Akaambiwa achore saa yenye mishale. Mkono uliokata makola maelfu ukachora duara zuri kuliko la kopo, halafu ukasimama. Namba zote kaziweka upande mmoja.

Daktari kanieleza polepole. Ni ugonjwa wa ubongo, si uzee tu, si uchawi, si adhabu. Dawa zitapunguza mwendo wake, hazitaurudisha nyuma. Aendelee na kazi alizozizoea, zinamsaidia. Ila vitu vyenye makali viondolewe.

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ni fundi wa kukata. Ni kama umwambie mpishi apike ila moto uzimwe." Akashika mkono wangu.

Njiani Fundi kaniuliza daktari kasema nini. "Kasema upumzike." "Si unaona? Sina kitu. Nimechoka tu."

Binti yetu kapiga simu kutoka kwa mumewe. "Mama, mnyang'anye mkasi kabla hajajikata." Nimemwambia nitaona. Mkasi ule aliupata kwa aliyemfundisha kazi, kabla hajanijua mimi. Ukutani una msumari wake. Simnyang'anyi. Nataka siku moja aseme mwenyewe, Bibie nimechoka kukata, chukua. Mungu anijalie hilo tu kabla hajadhurika yeye au jina lake.

Machi 29

Nimepata njia. Fundi akilala baada ya chakula cha mchana, nafungua daftari, nalaza kitambaa, nachora kwa chaki vipimo vya kweli. Akiamka anakuta mistari, anadhani kachora yeye. Anakata. Na akishakuta mstari, jamani, mkasi unakwenda kama maji kwenye mfereji. Suruali tatu za shule leo, zote zimekaa.

Mwili umekufa kwa uchovu lakini moyo umepata pa kuegemea.

Aprili 2

Mvua mchana kutwa. Sare kumi na moja. Alhamdulillahi.

Aprili 5

Kavaa shati kinyumenyume akaenda nalo msikitini. Yeye, Fundi.

Aprili 8

"Nani kachora hapa?"

Kainama mezani, kidole juu ya mstari wangu. Nikasema, "Wewe." Kanitazama usoni. Halafu kasema, "Haya," akakata.

Nimeoa uongo, au umenioa. Nauita hekima mchana, na kwenye sijda unarudi na jina lake halisi.

Aprili 17

Sijui nianzie wapi. Nianze na mvua, ilikuwa kubwa, bati linapiga hata mtu humsikii. Bwana Nukta alishaleta kitambaa cha pili, cha kijivu, zawadi ya walimu wenzake walichangiana, hakuna kingine. Jana nilichora kwa uangalifu, kiuno arobaini na mbili. Leo nimekwenda kuanika ukumbini kilichobaki kuanikwa. Niliporudi Fundi kashamaliza. Mistari yangu kaifuta kwa mkono wa shati, mweupe wote mpaka kiwiko. Kakata thelathini.

Na Bwana Nukta kasimama mlangoni, anakung'uta mwavuli.

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye watoto wangu hawajui sauti yangu ya juu. "Nimekuchorea! Nimekuchorea vizuri, umefuta! Mtu yule hayupo, Fundi! Yule mwembamba hayupo! Unaharibu mali za watu, huelewi, huwezi!" Nikasema huwezi mara mbili. Mvua ikapungua katikati ya ile ya pili, kwa hiyo ilisikika nyumba nzima.

Fundi alitundika mkasi kwenye msumari. Akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kama mteja anayesubiri zamu.

Bwana Nukta ndiye aliyezungumza. "Shemeji, kitambaa ni uzi tu." Kisha akasogeza kiti akakaa karibu na Fundi, wakatazama mvua wawili hao. Alikaa mpaka alasiri. Alipoondoka alinong'ona, "Kiungeunge utakavyoweza. Nitavaa."

Usiku Fundi hakula. Wala mimi.

Aprili 18

Nimeuficha mkasi ndani ya kopo la unga.

Aprili 19

Kautafuta siku nzima. Chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye mfuko wa kanzu. Nesi kaja kuchukua gauni lake jipya, kamkuta kapiga magoti chini ya meza. Kaniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho. Naye kapiga magoti, akawa anautafuta pamoja naye, huku akijua. Sijui kama huo ni wema au dhambi yetu sote wawili.

Aprili 20

Anatafuta. Leo haulizi tena mkasi uko wapi. Anauliza, "Mkono wangu nimeuweka wapi?" na mkono huo anao, anauangalia.

Binti yetu kwenye simu: "Vumilia, Mama, atasahau." Hilo ndilo nisilotaka kuliona.

Aprili 21

Nimeupangusa unga nikautundika. Kauona, kasema, "Ah, huyu hapa," kama mtoto wake karudi kutoka shule. Binti yetu kanikasirikia. Na anikasirikie.

Aprili 23

Niandike hili kabla halijanitoka.

Nyumbani tunasali pamoja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Tangu mwezi uliopita anapotea kwenye hesabu. Leo alasiri kamaliza rakaa ya nne akainuka kwa ya tano. Sheria tunaijua tangu chuo cha Kurani: imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma husema Subhanallah, mwanamke hupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Nikapiga. Fundi akarudi akakaa, hakugeuka, hakuuliza. Mwisho akasujudu sijda mbili za kusahau, akatoa salamu. Akavuta tasbihi yake, uso umetulia.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikawaza. Dini yetu ilijua zamani sana kwamba mtu atasahau mbele ya Mola wake mwenyewe, ikamwekea njia ya kurudi isiyo na aibu. Hakuna anayemwambia imamu huwezi. Ni kofi moja dogo, basi.

Aprili 25

Nimejaribu mezani. Alikuwa anakata shati la Nesi la kazini, mkasi ukaanza kwenda nje ya mstari kumfuata yule Nesi wa zamani. Sikusema neno. Nikapiga kofi, kama kwenye sala.

Akasimama. Akaurudisha mkasi nyuma, akaupata mstari, akaendelea. Kama hakuna kilichotokea.

Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, na masufuria yangu ndiyo mashahidi.

Aprili 30

Makofi sita leo. Nesi anasema tukishona hivi majirani watafikiri tuna ngoma humu ndani.

Mei 3

Uchovu. Uchovu tu. Mvua.

Mei 9

Suti ya Bwana Nukta imekwisha. Upande wa mbavu na kiuno nimetia vipande vya kitambaa cheusi, kutoka kwapa mpaka pindo la suruali, maana hapakuwa na namna. Kavaa mbele ya kioo, kageuka kulia, kageuka kushoto.

"Mistari hii nani kabuni?"

Fundi kajibu upesi, "Mke wangu."

Nilishtuka. Nilidhani hata hajui nilikuwa nashona nini kona ile.

"Walimu watasema nimeiga vijana," Bwana Nukta kasema. "Waseme. Nukta."

Mei 16

Kofi limekufa.

Magharibi, rakaa ya tatu, akainuka kwa ya nne. Nikapiga. Akabaki kasimama. Nikapiga tena. Akageuka, akaiacha kibla, akanitazama mimi na mikono yangu. "Kuna nani anagonga?" kauliza. Akaenda kufungua mlango wa mbele, akachungulia nje kwenye manyunyu. "Hakuna mtu," akasema.

Nikasali peke yangu upya. Yeye kakaa kitandani ananingoja nimalize, kwa heshima, kama mgeni aliyekukuta kwenye sala.

Mei 17

Makofi mezani pia hayafanyi kazi. Anadhani ni hodi, anaitikia "karibu."

Mei 19

Kajikata. Kidole cha shahada, si sana. Nesi kafunga. Kaniambia nje mlangoni, "Dada, mkasi." Nikamwambia, "Najua." Akaniambia, "Unajua, lakini lini?"

Nikiuchukua atautafuta mpaka mwisho. Nikiuacha utampata yeye kwanza. Ewe Mola, nimeomba kitu kimoja msimu mzima.

Mei 23

Mvua imekatika leo. Jua la kwanza la kueleweka, nimetoa hata magodoro nje. Niliporudi ndani nilikuwa na futi shingoni na kilemba cha kazi kichwani. Fundi alikuwa kasimama mezani, bandeji kidoleni, mkasi mbele yake haushiki. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Karibu, dada. Wewe ndiye fundi mpya?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Miezi mitatu nimesema ni mimi, si hivyo, tumeshasali, leo Jumanne. Leo maneno hayo yaliisha kinywani kama uzi kwenye kibobini. Nikasema, "Ndiyo, Fundi."

"Kaa basi." Akanivutia kigoda, akakipangusa kwa kiganja. Akanionyesha chumba changu. Cherehani hiki kina uzito wa kanyagio, kile kinakula uzi. Pasi ile usiiamini. Halafu akautazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Nikwambie jambo, utalihifadhi?"

"Nitalihifadhi."

"Kichwa changu kinavuja. Muda sasa. Napima mtu, kabla futi haijarudi shingoni namba imeshaondoka. Nachukua ya zamani kwa sababu ya zamani haiondoki. Najua si yake. Lakini utasimamaje mbele ya mtu na mkasi mkononi bila namba?"

Nikaishika futi iliyokuwa shingoni mwangu.

"Mke wangu ananichorea chaki nikilala," akasema, akatabasamu. "Anadhani sijui. Mimi nachora mstari kama unywele, yeye anachora kama anamwandikia kipofu. Siku moja nilimuuliza nani kachora, akasema wewe. Nikaona uso wake. Nikasema haya. Ningesemaje? Akijua kwamba najua, atakosa pa kujificha."

"Na ile siku uliyofuta?" Swali lilinitoka lenyewe.

"Siku ile nilitaka nione kama bado ninaweza peke yangu." Akatazama kidole chake. "Nikaona."

Akauchukua mkasi, akaushika kwenye makali, akanielekezea mpini, kama tunavyofundishana kupeana kitu chenye ncha. "Chukua. Siku nikiuomba usinipe. Hata nikilia usinipe. Mke wangu siwezi kumwachia kazi hiyo, ana huruma sana, atanirudishia. Na usimwambie haya niliyokwambia. Tafadhali, dada. Ana mzigo tayari."

"Sitamwambia," nikasema. Nikaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto la mkono wake. Nimeapa na sijui nimemwapia nani nisimwambie nani, lakini Mungu anayejua nia atanielewa.

Akashusha pumzi. Mabega yake yalishuka kama koti lililovuliwa. Halafu akageukia jikoni akaita kwa sauti yake ile ile, "Bibie! Tuna mgeni, tuletee chai!"

Nikasimama nikaenda. Nikaufungia mkasi kwenye sanduku langu la nguo, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikavua futi na kilemba. Nikamimina chai, nikarudi nayo.

Alifurahi kuniona. "Umemwona fundi mpya?"

"Nimemwona."

"Mkono wake mwepesi, nimemwachia kukata. Wewe umemwonaje?"

"Mtu mzuri," nikasema. "Ila naona kama amechoka."

Fundi akafikiri. Akakisogeza kile kigoda kwenye jua lililoingia mlangoni.

"Basi leo asifanye kitu," akasema. "Mwambie akae."

Nikakaa.